ADA YA MAHAKAMA ISIWE KUFULI YA HAKI

Katika kazi zote ambazo dola humfanyia raia wake, ni chache zenye uzito kama ile ya kumsikiliza anapodhulumiwa. Barabara yaweza kungoja bajeti ya mwakani, na jengo la ofisi laweza kungoja mwaka mwingine tena. Lakini mtu aliyenyang'anywa shamba, au aliyefukuzwa kazi bila kulipwa mshahara wake, hana pa kungojea. Akikosa pa kusemea, ama atanyamaza kwa uchungu, ama atachukua panga. Mahakama ziliwekwa ili asilazimike kufanya lolote kati ya hayo mawili.

Ndiyo maana yafaa kila mtumishi wa umma na kila mwalimu ajiulize: ni nani hasa anayeamua kama mtu huyo atasikilizwa? Wengi watajibu kwamba ni Katiba. Wengine watasema ni jaji au hakimu. Ukweli ni kwamba kabla ya Katiba kufunguliwa na kabla ya hakimu kuketi, shauri limekwisha kupita mikononi mwa karani wa masjala, na mbele ya karani huyo kuna jedwali la ada. Jedwali lina safu mbili tu: upande mmoja thamani ya dai, upande wa pili fedha za kulipa. Asiye na fedha za safu ya pili, haki yake ya safu ya kwanza haina maana.

Hoja yetu ni fupi. Anayepanga jedwali la ada ndiye anayepanga nani ana haki na nani hana. Kazi kubwa namna hiyo haiwezi kuachwa iwe hesabu ya kutafuta mapato, wala haiwezi kufanywa kwa kutazama ukubwa wa dai peke yake na kusahau ukubwa wa mfuko wa anayedai.

NJIA TATU ZA KUKADIRIA

Tuanze kwa kueleza jambo lenyewe, maana watu wengi hulipa ada bila kujua imetoka wapi. Zipo njia tatu kubwa za kukadiria ada ya kufungua shauri la madai.

Njia ya kwanza ni ya kima kimoja. Katika mahakama za shirikisho za Marekani, kufungua shauri la madai hulipiwa dola 405 tangu Desemba 2023. Dola 350 kati ya hizo zimewekwa na sheria ya Congress, na 55 ni ada ya uendeshaji. Anayedai dola 10,000 na anayedai dola milioni 10 hulipa sawa. Njia hii ina sifa ya uwazi, kwa kuwa kila mtu hujua kiasi kabla hajatoka nyumbani. Kasoro yake ni kwamba dola 405 za kampuni na dola 405 za mfagiaji si kitu kimoja.

Njia ya pili ni ya asilimia: dai hukadiriwa thamani yake, kisha mahakama huchukua sehemu fulani ya kila mia. Njia ya tatu ni ya ngazi: madai hupangwa katika makundi, na kila kundi hupewa ada yake. Nchi nyingi zilizorithi sheria za Waingereza huchanganya hizi mbili.

Tuchukue jedwali la England na Wales, ambalo kwa madai ya fedha limekuwa na umbo lake la sasa tangu Machi 2015. Anayedai hadi pauni 300 hulipa pauni 35. Anayedai zaidi ya pauni 3,000 na kufikia 5,000 hulipa pauni 205. Kuanzia zaidi ya pauni 10,000 hadi 200,000, hulipa asilimia 5 ya dai. Zaidi ya pauni 200,000, ada husimama kwenye pauni 10,000 na haipandi tena.

Kwa mtazamo wa juu juu, mpango huu waonekana wa haki: mwenye dogo atoe kidogo, mwenye kubwa atoe kikubwa. Lakini hebu tupige hesabu kama tunavyowafundisha watoto darasani. Mtu anayedai pauni 200 hulipa pauni 35, yaani asilimia 17.5 ya dai lake. Anayedai pauni 5,000 hulipa asilimia 4.1. Anayedai pauni 200,000 hulipa asilimia 5. Na kampuni inayodai pauni milioni 10 hulipa pauni 10,000, yaani sehemu moja tu katika kila elfu. Kwa hiyo mdai wa mwisho chini amekamuliwa kwa kiwango ambacho tajiri wa juu hakijui kabisa. Kodi ya mapato ikipangwa hivyo, wananchi wataandamana. Ada ya mahakama ikipangwa hivyo, watu husema ni utaratibu.

Tena mabadiliko hayo ya 2015 hayakuletwa kwa sababu gharama za mahakama zilikuwa zimepanda. Dai la pauni 200,000, ambalo awali lililipiwa pauni 1,315, lilipandishwa mara moja hadi pauni 10,000. Sheria iliyoruhusu jambo hilo, iliyopitishwa mwaka 2014, ilitamka wazi kwamba ada yaweza kuzidi gharama ya huduma inayotolewa. Yaani mdai, juu ya kulipia shauri lake, alifanywa chanzo cha mapato. Hapo ada imekwisha kuacha kuwa ada. Imekuwa ushuru wa kudai haki.

VISINGIZIO VITATU

Wanaotetea ada kubwa hawakosi maneno. Husema kwanza kwamba ada huzuia watu wasumbufu wasijaze mahakama kwa kesi za chuki na uzushi. Husema pili kwamba anayetumia huduma ndiye ailipie. Husema tatu kwamba Hazina haina fedha. Tuyapime maneno hayo moja baada ya jingine.

Hili la kuzuia wasumbufu ni kongwe sana. Huko Bengal, India, utawala wa Kampuni ya Waingereza ulifuta ada ya kufungua mashauri mwaka 1793, kisha ukairudisha mwaka 1795 kwa kisingizio hicho hicho. Katika miaka ya 1830, Macaulay, ambaye hakuwa rafiki wa mkoloniwa wala hawezi kuitwa mtetezi wa wanyonge, aliusoma utangulizi wa kanuni ile na kuudhihaki kuwa ni upuuzi mtupu. Sababu yake ilikuwa rahisi: ada haipambanui dai la kweli na la uongo. Inapambanua maskini na tajiri. Msumbufu mwenye fedha hupita. Mkweli asiye nazo hurudi nyumbani.

Uingereza yenyewe ilikuja kuipata tena elimu hiyo kwa gharama kubwa. Mabaraza ya kazi ya nchi hiyo, yaliyoanzishwa mwaka 1964, yalikuwa yakisikiliza malalamiko ya wafanyakazi bila ada yoyote kwa karibu miaka 50. Tarehe 29 Julai 2013 serikali ikaweka ada. Madai ya aina ya kwanza, kama ya mshahara usiolipwa, yalilipiwa pauni 390: pauni 160 wakati wa kufungua na 230 kabla ya kusikilizwa. Madai ya aina ya pili, kama ya kufukuzwa kazi kwa uonevu au kubaguliwa, yalilipiwa pauni 1,200: pauni 250 kwanza na 950 baadaye. Tafakari, ndugu msomaji: mfagiaji aliyenyimwa mshahara wa pauni 300 alitakiwa atoe pauni 390 ili afikishe madai yake mbele ya baraza. Ni nani mwenye akili timamu atakayenunua jogoo wa shilingi mia kwa shilingi mia na thelathini?

Matokeo yalionekana upesi. Idadi ya madai ilishuka kwa kiasi cha theluthi mbili, na haikuinuka. Kama kweli ada ilikuwa ikiwachuja wasumbufu, basi madai machache yaliyobaki yangekuwa yale yenye nguvu, na wadai wengi zaidi wangeshinda. Haikuwa hivyo. Sehemu ya madai yaliyoshinda haikuongezeka. Chujio lilikuwa limekamata wakweli na waongo kwa pamoja, kwa kuwa tundu zake zilipimwa kwa fedha.

Chama cha wafanyakazi cha UNISON kililipeleka jambo hilo mahakamani, na tarehe 26 Julai 2017 Mahakama ya Juu kabisa ya Uingereza, kwa kauli moja, iliifuta amri ile ya ada kuwa ni batili tangu ilipotungwa. Serikali ikalazimika kuwarudishia watu fedha zao. Katika hukumu hiyo, Jaji Reed alitoa kipimo ambacho yafaa kibandikwe katika kila ofisi inayopanga ada: haitoshi kuuliza kama mtu aweza kuzipata fedha hizo kwa namna yoyote ile, lazima iulizwe kama aweza kuzilipa bila ya familia yake kujinyima mahitaji ya kawaida ya maisha. Ada inayolipika kwa kulaza watoto na njaa si ada inayolipika.

Sasa tuje kwenye neno la pili, la kwamba mtumiaji alipe. Neno hili huichukulia mahakama kama kinu cha kusaga: aliyeleta mahindi ndiye anayeondoka na unga, basi na alipie. Huo ni ufinyu wa mawazo. Mwajiri anayelipa mishahara kwa wakati, mara nyingi hulipa kwa sababu anajua kwamba asipolipa atashitakiwa. Mpangaji asiyetolewa vyombo nje usiku amelindwa na kesi ambayo hakuifungua yeye. Wote hao wananufaika na mahakama ambazo hawajakanyaga sakafu zake.

Mfano ulio wazi kuliko yote unajulikana na kila mwanafunzi wa sheria, kuanzia Dar es Salaam hadi Nairobi. Mwaka 1928, mjini Paisley huko Scotland, mwanamke mmaskini aitwaye May Donoghue alikunywa kinywaji cha tangawizi ambacho, kwa maelezo yake, kilikuwa na konokono aliyeoza ndani ya chupa. Alipotaka kupeleka rufani yake katika Baraza la Malords, aliapa kwamba mali yake yote duniani haifiki thamani ya pauni 5, akaruhusiwa kuendelea kama mtu asiyejiweza. Hukumu iliyotoka mwaka 1932 ndiyo iliyoweka msingi wa wajibu wa mtengenezaji wa bidhaa kwa mlaji, na msingi huo ukaenea katika nchi zote zinazofuata sheria hiyo, na zetu zikiwamo. Leo mnunuzi wa soda katika mji wowote wa Afrika Mashariki analindwa na shauri la mama asiyekuwa na pauni 5. Je, kwa haki, ni nani aliyekuwa mtumiaji wa mahakama siku ile? Ni mama yule peke yake, au ni sisi sote?

Neno la tatu ni upungufu wa fedha. Hili hatulidharau, majengo ya mahakama yanahitaji kukarabatiwa na mahakimu wanahitaji kulipwa. Lakini mahakama ni mhimili mmoja kati ya mihimili mitatu ya dola. Hatujasikia Bunge likimtoza mwananchi asilimia 5 ya faida atakayoipata kutokana na sheria mpya. Hatujasikia kwamba askari amkamate mwizi baada ya aliyeibiwa kulipia sehemu ya thamani ya mali. Kwa nini basi huyu mmoja anayekuja kwa amani, na karatasi mkononi badala ya rungu, ndiye abebeshwe mzigo wa Hazina? Ufaransa iliamua kwa sheria ya Desemba 1977 kwamba kwenda mahakamani kuwe bure. Mwaka 2011 ilileta mchango wa euro 35 kwa kila shauri, na kuanzia Januari 2014 ikaufuta, baada ya kuona kwamba hata kiasi kidogo namna hiyo kinawarudisha watu mlangoni.

KWETU AFRIKA MASHARIKI

Mtu asidhani kwamba haya ni mambo ya Ulaya. Sheria yetu ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya mwaka 1966 ilichukua umbo lake kutoka sheria ya India ya mwaka 1908, ambayo mkoloni aliileta Tanganyika. Humo ndimo ulimotoka utaratibu wa kumtaka mdai ataje thamani ya dai lake ili mahakama ijue ada ya kumtoza. Na humo humo ndimo ilimotoka Amri ya 33, inayomruhusu asiyejiweza kufungua shauri bila kulipa kwanza.

Amri hiyo ni jambo jema, lakini yafaa tuitazame vizuri. Mwombaji sharti aorodheshe mali yake yote, inayohamishika na isiyohamishika, pamoja na makadirio ya thamani yake. Sharti aje mwenyewe, ahojiwe juu ya umaskini wake. Mpinzani wake hupewa taarifa, na anaweza kuja kupinga kwamba mtu huyu si maskini wa kutosha. Kwa hiyo kabla ya kesi ya shamba kuna kesi ya umaskini. Mkulima asiyeweza kupata nauli ya kwenda mjini mara moja, ataipata wapi ya kwenda mara tatu ili athibitishe kwamba hana nauli?

Hata hivyo, ndani ya amri hiyo kuna jambo moja ambalo ndilo ufunguo wa hoja yetu. Inasema kwamba mtu wa namna hiyo akishinda, mahakama itapiga hesabu ya ada aliyopaswa kulipa, na ada hiyo itadaiwa kwa yule ambaye hukumu imemwamuru ailipe, nayo itakuwa deni la kwanza juu ya kile kilichogombewa. Yaani sheria yenyewe imekwisha kukiri kwamba ada yaweza kungoja hukumu! Kama yaweza kungoja kwa mmoja, kwa nini isiweze kungoja kwa wote wenye kipato kidogo?

Mahakama zetu nazo zimekwisha kusema neno. Mwaka 1993, katika shauri la Kukutia Ole Pumbun, Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliyavunja masharti ya kuomba kibali cha Serikali kabla ya kuishitaki Serikali. Mwaka 2002, katika shauri la Julius Ndyanabo, mahakama hiyo, chini ya Jaji Mkuu Barnabas Samatta, ilikitangaza kuwa kinyume cha Katiba kifungu cha Sheria ya Uchaguzi kilichomtaka anayepinga matokeo ya ubunge aweke dhamana ya shilingi milioni 5 kabla shauri lake halijapangiwa tarehe. Dhamana ile haikuwa ada ya kufungulia shauri, lakini maana yake ilikuwa moja: kulipa kwanza, kusikilizwa baadaye. Na Katiba yetu, katika ibara ya 107A, inaziagiza mahakama zitende haki kwa wote bila kujali hali ya mtu kijamii au kiuchumi. Agizo hilo haliwezi kuanzia chumba cha hakimu na kuruka dirisha la karani.

Jirani zetu wa Kenya wamekwenda mbele zaidi kwa maandishi. Katiba yao ya mwaka 2010, ibara ya 48, inaitaka Serikali ihakikishe kila mtu anaifikia haki, na kama kuna ada, basi iwe ya kiasi na isimzuie mtu. Ibara ya 22 inataka kusiwe na ada kabisa ya kufungua shauri la kutetea haki za msingi. Huo ni mfano wa kuigwa bila kuona haya.

LA KUFANYA

Tukosoe na tujenge. Yako mambo matano yanayoweza kufanywa bila kubomoa chochote.

Kwanza, kipimo cha ada kiwe kima cha chini cha mshahara. Kila mstari wa jedwali uandikwe pembeni yake ni siku ngapi za kazi ambazo mtu wa kima cha chini atafanya ili aulipe. Mstari unaokula mshahara wa mwezi mzima ufutwe.

Pili, mashauri ya mishahara, ya matunzo ya watoto, na ya haki za msingi yasitozwe ada hata senti moja. Hawa ni watu wanaodai chakula chao.

Tatu, pale asilimia inapotumika, ianzie juu na ilegee kuelekea chini. Mashirika makubwa yanayogombea mabilioni, yakitumia siku nyingi za majaji, yalipe gharama ya siku hizo bila kikomo cha kuwapendelea. Bali yasitozwe zaidi ya gharama hiyo, maana mahakama si duka.

Nne, kwa mwenye kipato kidogo, ada ingoje hukumu, nayo ilipwe na aliyeshindwa. Fomu ya kuomba nafuu hiyo iwe ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, na ijibiwe siku hiyo hiyo.

Tano, ada huwekwa kwa kanuni, na kanuni husomwa na wachache. Basi kila zinapopandishwa zijadiliwe hadharani, na jedwali libandikwe ukutani katika kila mahakama ya mwanzo, kwa herufi ambazo mzee ataweza kuzisoma.

Katika mambo hayo, watumishi wa umma na walimu wana wajibu wa pekee. Ninyi ndio mnaoandikiana na ofisi. Ninyi ndio ambao jirani huwajia jioni na karatasi iliyokunjwa, akiomba msomewe na asaidiwe kuandika malalamiko yake. Msiishie kumwandikia, mwulizeni pia kama ameambiwa juu ya ada na juu ya haki yake ya kuomba asamehewe. Na ninyi mlioko mezani ambako kanuni huandikwa, kabla hamjaongeza tarakimu moja katika safu ya pili, mfikirieni yule atakayesimama mbele ya dirisha.

Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Walikuwa wakieleza tabia ya walimwengu, na walimwengu ndivyo walivyo. Mahakama ziliwekwa ili pawe na mahali pamoja ambapo msemo huo hautumiki. Wahenga hao hao walituachia na wasia mwingine, unaofaa kuandikwa juu ya kila jedwali la ada: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.